Rangi Juu ya Nta

Sehemu ya kumi na moja: Ukingoni

Wiki jana, msomaji wangu, tulimwacha Rukaiya kapiga magoti uani kwa mavyaa wake, mama wa mumewe, pale Kibiti, dole gumba lake la kulia limezama katika kijishimo kwenye mgongo wa kasa. Si kasa wa baharini. Ni kasa wa rezini, ile plastiki ya majimaji inayomiminwa ikaganda, mkubwa kama meza ya kulia chakula, aliyeletwa kubanduliwa rangi mbovu na kupakwa mpya. Wapo walionipigia simu kuniuliza mwanamke yule ameona nini hata msasa ukamdondoka. Haya, kaeni kitako.

Dole lilienea.

Hata kovu lilienea. Rukaiya alikatwa na mundu utotoni, wakivuna mpunga kwao Dimani, na kovu lake linapita mshazari toka kucha mpaka kiungo. Ndani ya kijishimo nako kulikuwa na mstari wa mshazari. Lilikuwa dole lake mwenyewe.

Alikumbuka siku alipolibonyeza. Kasa yule alikuwa bado wa udongo, na Twalibu, mumewe, alikuwa akimlainisha mgongo kwa kijiko. "Weka muhuri wako, mke wangu," alimwambia, "watu wajue nani anapaka rangi hapa." Akabonyeza kwenye gamba la mwisho, karibu na mkia. Kisha Twalibu akatandaza faibaglasi juu ya udongo, akatoa kalibu ya kumiminia sanamu, ya kipande kimoja, iliyokaa kama karai kubwa.

Kalibu ile haikuwahi kumiminwa rezini hata tone hapa Kibiti. Twalibu aliipakia kwenye boti aende nayo Mbwera, akamimine kasa huko huko visiwani, maana kasa wengi kwa pamoja ni wazito na boti ni ndogo. Alimchukua Haruni, mdogo wake Rukaiya, akamsaidie kukoroga. Boti ikapinduka kwenye mdomo wa mto. Haruni akaokotwa mikokoni, akazikwa kwao. Twalibu hakuonekana. Shaabani, mwenye boti, akaapa msikitini kwamba alimwona akienda chini, yeye na kalibu yake.

Sasa kama kalibu ilizama, kasa huyu katokea wapi?

Mwingine angepiga ukunga majirani wakajaa. Rukaiya hakupiga. Tangu msiba mwili wake ulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya mkekani. Walimletea vifo viwili kwa mkupuo, wakamvika nguo nyeupe isiyo na nakshi, wakamkalisha eda, na chozi halikutoka. Mashoga wakanong'ona kuwa ana moyo wa jiwe. Jiwe lingekuwa afadhali, maana jiwe mtu unalisikia uzito wake.

Aliokota msasa, akauchovya kwenye ndoo ya maji, akaendelea kusugua.

Rangi ilikuwa ikibanduka yenyewe, vipande kwa vipande, kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake rezini ilikuwa laini na yenye utelezi. Alipitisha kidole, akanusa. Nta ya nyuki na mafuta ya nazi.

Hapo napo ni lazima nikufafanulie, msomaji. Kabla ya kumimina rezini, kalibu hupakwa nta ili sanamu isije ikang'ang'ania ndani. Sanamu ikishaiva na kutoka, nta hutoka nayo. Usipoiosha kwa maji ya moto na sabuni, ukaipiga msasa, ukaipaka praima, ile rangi ya msingi, rangi utakayoweka juu ni ya kuazima. Itakaa siku ikipenda.

Kuosha ilikuwa kazi ya Rukaiya tangu aolewe. Twalibu alikuwa akimcheka. "Unamwogesha kasa kama mwari!" Yeye hakuwahi kuosha hata sanamu moja. Kwake rangi ni rangi tu, pambo la wanawake. Na tabia ile ya kuchanganya nta na mafuta ya nazi ilikuwa ya Twalibu peke yake. Mafundi wengine wote hununua nta ya kopo dukani.

Basi mambo yakawa mawili: dole la mke, na uvivu wa mume.

"Hodi, shemeji!"

Alikuwa Theodory, mwenye karakana. Ni mtu wa Songea, Mkristo, lakini kakaa Kibiti mpaka kajua kuwa mwanamke wa eda haonani na mwanamume wa kando. Kila akija husimama nje ya pazia la uani, mgongo kaupa nyumba, anaongea akiitazama barabara.

"Karibu, shemeji."

"Mie sikai. Nauliza kasa anaendeleaje. Wenyewe wanamtaka."

"Wenyewe kina nani?"

"Kambi mpya ile ya wageni, kule Mbwera. Meneja analia rangi imebanduka yote, hata miezi mitatu haijaisha. Akaniuliza kama nina mpakaji. Nikamwambia ninaye, yuko eda, lakini mikono haikai eda."

Siku nyingine Rukaiya angetabasamu. "Walimnunua kwa nani?"

"Kwa fundi wa huko huko. Wanamwita Mwinyimvua. Mie simjui. Nasikia anaishi peke yake kisiwani, hatoki, na akitoka kavaa kofia mpaka puani."

"Kalibu kaipata wapi?"

"Shemeji, mie nimeuliza habari za rangi tu. Kwani kasa ana nini?"

"Hana kitu. Hakuoshwa."

"Basi wewe mwoshe. Na kesho ndiyo unatoka eda, hongera. Yaani pole. Yaani..." Akakohoa. "Nitakuja na guta kumchukua."

Akaondoka mbio, kama mtu aliyekanyaga maua ya watu.

Rukaiya aligeuka, akamkuta mavyaa wake, Bi Mwanawetu, amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Mchele ule ulikuwa wa kesho, wa kuwalisha wanawake watakaokuja kumtoa eda. Ajuza alikuwa kaja kwa kazi yake ya kila siku: kumfunika kasa uso kwa kanga. Malaika, alisema, hawaingii nyumba yenye sanamu lililokodoa macho. Majirani nao walishamtafuna Rukaiya mdomoni, ati mjane gani huyu anashinda na makopo ya rangi. Bi Mwanawetu aliwajibu kuwa rangi anapakwa kasa, hapakwi mjane, na sheikh kaulizwa kasema kazi si pambo. Alikuwa mavyaa mwema, huwezi kumnyima hilo.

"Mama," Rukaiya alisema. "Mwinyimvua ni nani?"

Ungo uliinama. Mchele ukamwagika chini, karibu nusu.

"Simjui," alisema Bi Mwanawetu. Hakuuliza Mwinyimvua yupi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa fupi kuliko zote nilizopata kuandika.

"Mama, hiki kijishimo ni dole langu. Kalibu haina miguu. Imetokaje majini?"

"Mtoto wa watu, nyamaza. Kuta zina masikio."

"Yu hai?"

Bi Mwanawetu alikaa chini pale pale, juu ya mchele. Akaanza kuuokota punje moja moja, kama kwamba ndiyo kazi aliyoitiwa.

"Yu hai," alisema.

Rukaiya alingoja asikie kitu. Alingoja furaha, akangoja hasira, hata woga angeupokea. Hakikuja chochote. Aliona tu kuwa maji ya ndoo yamechafuka na yanataka kubadilishwa.

"Tangu lini unajua?"

"Baada ya arobaini. Shaabani alinijia akilia. Kaapa uwongo kwa kuombwa na mwanangu." Ajuza aliinua uso. "Angemwambia nini mamako, Rukaiya? Mwanamina alimkatalia asimchukue Haruni. Alisema Haruni wake ni mtu wa shamba, maji anayajua ya kisimani tu, hajui kuogelea. Twalibu akamwambia mkwe wangu, nitamrudisha mie kwa mkono wangu. Halafu arudi yeye, mtoto wa watu yuko kaburini? Akaona bora naye ahesabiwe maiti."

"Na mie?"

"Weye ungetoka eda kesho. Mjane akishatoka hakuna anayemfuatilia. Shaabani angekuchukua kimyakimya akupeleke. Mumeo anakungoja. Kashajenga na kibanda."

Kashajenga na kibanda! Rukaiya alikaa nyuma ya pazia mumewe akisaliwa swala ya maiti asiyekuwapo. Alifungiwa ndani, alinyimwa hina na udi, kila jioni alijisugua rangi vidoleni kwa petroli ili watu wasije wakasema kajipamba. Yote kwa ajili ya mtu aliyekuwa akikata miti ya kujengea.

"Haruni alikufaje?"

"Alizama papo hapo. Mwanangu kaniapia kwa Mungu. Boti iligeuka, Haruni akaenda chini kama jiwe, hakushika kitu. Kalibu ikaelea. Twalibu akaiparamia, akakaa ndani, ikampeleka mpaka mikokoni. Amri ya Mungu hiyo, mwanangu."

Rukaiya aliipima habari. Ilikuwa na akili. Kalibu ile ilikuwa karai, na karai huelea. Kama Haruni alizama papo hapo, mume kakosa nini? Kosa lake ni aibu, na aibu haikuua mtu. Nikisema alifurahi nitakuwa nakudanganya, lakini kitu kidogo kilimlegea kifuani.

"Mpigie," alisema.

"Sasa hivi?"

"Mpigie, mama."

Bi Mwanawetu alitoa simu kwenye fundo la kanga. Akakosea namba, akarudia. Ilipoanza kuita alimpa mkwewe, akajiziba uso.

"Mama?" sauti ikasema. "Kuna nini mchana huu?"

Ilikuwa ile ile. Sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi hata kama ni alasiri.

Wengine wangelia. Wengine wangetukana. Maneno ya kwanza aliyoyasema Rukaiya kwa mumewe aliyefufuka ni haya:

"Hukuosha nta."

Kule upande wa pili jogoo aliwika, akaishia katikati.

"Rukaiya," sauti ilisema. Kisha, kabla ya kumuuliza hali, kabla ya kumwomba radhi, ikasema: "Kasa yuko kwako? Nani kamleta kwako?"

"Meneja kamleta kwa Theodory. Rangi imebanduka."

"Umefika wapi?"

"Mgongoni."

"Sikiliza, mke wangu. Nitakueleza yote, Wallahi nitakueleza. Lakini toa rangi ya mgongoni tu. Upake, umrudishe. Ukingo wake usiuguse."

"Ukingo upi?"

"Wa kulia, karibu na kikono cha mbele. Nimeupiga puti ya kuzibia. Ukiusugua utaharibika. Usiuguse, nakuomba."

Simu ikakatika.

Mficha maradhi, msomaji wangu, kifo humuumbua. Twalibu angenyamaza, Rukaiya asingekuwa na haja na ukingo. Wenye kambi waliambiwa rangi imeshindwa mgongoni, na ukingo wa kulia ulikuwa bado mzima, umeshiba puti na matabaka ya rangi. Angepaka juu yake, kazi ikaisha. Lakini mpakaji ukimwambia pasipoguswa, mkono wake hautulii.

Alibandika maji jikoni. Yalipochemka aliyamwaga kwenye ndoo, akatia sabuni ya unga, akamwosha kasa mwili mzima, taratibu, kichwani, shingoni, mgongoni, mpaka maji yakaacha kuteleza. Alimwosha vile anavyooshwa mtu. Akafika ukingoni.

Puti ilitoka kwa kisu, pande zima. Nayo iliwekwa juu ya nta.

Chini yake palikuwa na mistari mitatu.

Ilikuwa imetuna, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Mmoja ulikuwa peke yake. Kisha palikuwa na nafasi, halafu miwili pamoja. Yote mitatu ilikuwa inakwenda kwenye ukingo, ikafika pale mwisho, ikakatika.

Rukaiya aliitazama muda mrefu. Kilichochimbika ndani ya kalibu hutuna kwenye sanamu, hilo hata mwanagenzi analijua. Kalibu ilikuwa imekwaruzwa kwa ndani. Na ilikubali kukwaruzwa kwa sababu ilikuwa bado mbichi. Asubuhi ile ya safari hadina, dawa ya kugandishia, ilikuwa haba, Twalibu akatia kidogo. Rukaiya alibonyeza ukucha ndani ya kalibu, ukaacha alama. "Bado haijaiva," alimwambia. Mumewe alicheka. "Itaivia njiani."

Naam. Iliivia njiani, na chochote kilichoigusa kikabaki humo.

Alinyoosha mkono wake wa kulia, akauweka juu ya mistari. Kidole cha shahada kikakaa kwenye ule mmoja. Cha pete na cha mwisho vikakaa kwenye ile miwili. Cha kati kikakaa patupu.

Haruni hakuwa na kidole cha kati mkono wa kulia. Mkanda wa mashine ya kukobolea mpunga kule Ikwiriri ulimkata, na alipopona akaanza kuwatania watu kwamba yeye anasalimia kwa bei ya punguzo.

Hakwenda chini kama jiwe, basi. Alishika.

Tena alishika kwa nguvu. Rukaiya alimwaga maji safi pale ukingoni, akainamisha uso karibu. Chini ya kila mstari palikuwa na mwingine mwembamba, uliopinda kidogo. Haruni alishika, akateleza, akashika tena. Kucha zilikuwa ndani ya karai, mwili ulikuwa nje, majini. Na ndani ya karai alikuwamo mtu mwingine, amekaa, vidole vile viko mbele ya macho yake.

Alimsukuma? Au alimtazama tu? Rezini haikusema.

Jambo moja lilimkaa Rukaiya kichwani, akawa analirudia. Msasa mkavu ungeifuta mistari ile kabla maji ya chai hayajachemka. Twalibu aliiziba, hakuifuta. Hata yeye mkono ulimkataa.

"Umeona nini?" aliuliza Bi Mwanawetu kutoka kwenye mchele wake.

"Puti," alijibu Rukaiya.

Mchana ule alifanya kazi kuliko siku zote za eda. Alipaka praima, ikakauka upesi kwa jua. Akamtia kasa kijani cha majani makavu, akamchora magamba kwa kahawia, kingo za magamba akazipitishia njano hafifu. Gamba la mkiani, lenye dole, aliliacha kama lilivyo. Mikono ilijua njia, yeye aliifuata.

Ukingo wa kulia aliuacha mwisho. Pale alipaka nyeusi tupu. Ilipokauka alichukua brashi ngumu, akaichovya kwenye nyeupe, akaifuta kwenye kitambaa mpaka ikabaki karibu kavu, akaipitisha juu kidogo kidogo. Brashi kavu ina siri moja: haigusi bonde, inagusa kilichotuna peke yake. Mistari ya Haruni ikatokea myeupe juu ya weusi, hata mwenye macho mabovu angeiona toka mlangoni.

Mama yake mzazi, Bi Mwanamina, ana macho mabovu.

Akachukua kanga ya mavyaa wake, akaufunika ukingo.

Asubuhi wanawake walijaa. Waliingia na vikapu, na nazi, na maneno yao. Walimwogesha Rukaiya, wakamvika gauni la buluu, wakamfukiza udi ambao pua yake ilishausahau. Mmoja alimwambia kapendeza, mwingine akamkanyaga mguu mwenzake, maana si la kumwambia mjane. Dua ikasomwa. Wakasema amina.

Bi Mwanawetu alikuwa hatulii. Alimwinamia mkwewe kama anayemtengenezea ushungi. "Shaabani yuko stendi anangoja," alinong'ona. "Na mwanangu tangu jana simu haipatikani. Kula, kisha useme unakwenda kumsalimia shangazi."

"Ngoja kwanza, mama," alisema Rukaiya.

Bi Mwanamina alikuwa kakaa mkekani karibu na mlango wa uani, kanga yake ya msiba hajaivua. Alikuwa kaja toka Dimani alfajiri, na tangu afike kasema salamu tu. Rukaiya alimshika mkono, akamwinua, akamtoa uani mpaka kwa kasa.

"Mwanangu, mie na masanamu wapi na wapi?"

"Nipe mkono, mama."

Aliufunua ukingo, akauweka mkono wa mamaye juu ya mistari.

Bi Mwanamina alipapasa. Akarudi nyuma, akapapasa tena, taratibu, kama anayetafuta mshono uliofumuka. Kisha, bila kufundishwa na mtu, alikunja kidole chake cha kati kiganjani na kuviweka vile vitatu mahali pake. Vikaenea.

"Haruni," alisema.

Wanawake wa karibu wakasogea. Kisha nyumba nzima.

"Haruni wangu huyu. Alishika wapi mwanangu? Nani alikuwa naye?"

Na hapo, msomaji, ganzi ya Rukaiya ilianza kutoka. Mnajua ganzi ikitoka inavyouma. Ilianzia kwenye kovu la dole, ikapanda mkononi, ikafika kifuani, na alipoichungulia aliikuta ni hasira. Alikuwa na hasira kubwa kuliko nyumba. Akashukuru Mungu kwamba anasikia.

"Hodi! Shemeji, samahani sana!"

Theodory alikuwa nje ya pazia, na sauti yake haikuwa na utani.

"Najua mna shughuli. Ila yule fundi wa Mbwera, yule Mwinyimvua, kaja mwenyewe kwa bodaboda. Anasema kwa kunong'ona kasa asipakwe tena, anamtaka hivyo hivyo alivyo, sasa hivi. Nimemkaribisha kahawa, hajibu. Nimemwambia avue helmeti apate hewa, hataki. Niko naye hapa."

Wanawake walivuta kanga vichwani. "Mwambie angoje huko!" mmoja alifoka. "Humu wamo wanawake, na mwenzetu ndiyo kwanza anatoka eda!"

Bi Mwanawetu alikuwa kashika nguzo ya jiko. Alimtazama mkwewe, akatikisa kichwa, mara moja, kwa kumsihi. Midomo ilisema nakuomba, sauti haikutoka.

Rukaiya alimwona. Alimpenda ajuza yule, na lilimuuma.

"Mwambie apite," alisema kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Shemeji, mwanamume wa kando ataingiaje..."

"Huyo si wa kando. Ni mume wangu."

Bi Mwanamina hakuuondoa mkono wake ukingoni, vidole vitatu wazi, kimoja kimekunjwa. Nje ya pazia, kifungo cha helmeti kikalia: tak.